Njoo Kesho, Uvute Tela

Tela halina adabu. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza kwa kila dereva aliyeletwa kwangu, na nililitoa kabla hata sijamuuliza hali. Lori lina adabu kidogo: ukilikata kulia linakwenda kulia. Tela, ukiwa unalirudisha nyuma, unakata kulia lenyewe linakwenda kushoto, tena kwa kiburi, na usipoliwahi linajikunja mpaka linakugonga ubavu. Wanafunzi wangu wengi walicheka nikiwaambia hivyo. Walikuwa wakicheka siku ya kwanza tu.

Yadi yetu ilikuwa Wembley, nyuma ya reli, mahali ambapo siku za mpira tuliusikia uwanja ukinguruma na sisi tukiendelea kupaka grisi. Kazi yetu ilikuwa kukodisha mashine za ujenzi: kompresa, mashine za kushindilia lami, na vile vikatapila vidogo vya kuchimbia mitaro ambavyo sisi tuliviita vijiko. Kila asubuhi vitu hivyo vilipandishwa juu ya matela, matela yakafungwa nyuma ya malori, na London ikaenda kuchimbwa. Bosi wetu alikuwa Mwingereza mwenye uso mwekundu na moyo mzuri ambao aliuficha sana. Zamani kidogo, kabla sijafika mimi, tela lilichomoka nyuma ya lori lake mwenyewe, likampita barabarani huku yeye akilitazama kwenye dirisha, likaingia katika bustani ya mtu na kutulia juu ya maua. Hakuumia mtu. Lakini tangu siku hiyo aliweka sharti kwamba hakuna dereva atakayevuta tela bila kadi ya kijani, na kadi hiyo ilikuwa na nafasi mbili za sahihi. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu. Ya pili ilikuwa yake, baada ya kukaa na dereva na kumpima barabarani.

Mwalimu nilikuwa mimi. Nilitoka Unguja baada ya mapinduzi, nikapita Dar es Salaam, nikafika London na koti la kuazima. Pale yadi nilianza kwa kuosha matairi. Sikupandishwa cheo kwa sababu ya akili, nilipandishwa kwa sababu ya ugomvi. Nikiona pini imekaa vibaya nilipiga kelele mpaka makarani wakatoka ofisini. Mwisho bosi aliona kelele zile zina faida, basi akanikabidhi madereva wapya niwapigie wao.

Mwanafunzi ninayetaka kumsimulia alikuja mwaka ule Wahindi wa Uganda walipofukuzwa, naye akiwa mmoja wao, baridi ikiwa imeanza kung'ata. Bosi alimleta mwenyewe mpaka nilipokuwa nimesimama, akaniambia huyu hatakuchosha, ana uzoefu wa malori miaka ishirini. Nikamtazama. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, ndevu zimenyolewa vizuri, amevaa koti la msaada ambalo mikono yake iliishia mbali kidogo na viganja. Nilimsalimu kwa Kiswahili, kwa kujaribu tu. Uso ukamchanua.

"Wewe iko mtu ya wapi?" akaniuliza.

"Unguja."

"Ah." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi Kiswahili yako itakuwa ngumu."

Nikamwambia apande kwenye lori tuanze. Nikazunguka mbele, nikakagua taa, nikaenda kufungua mlango wa kushoto nikae pale anapokaa mwalimu. Kiti kilikuwa na mtu. Alikuwa amekaa yeye, ameweka gazeti juu ya mapaja, mikono imetulia, anangoja. Nikamuuliza anangoja nini. Akanitazama, akautazama usukani ulioko upande wa pili, akautazama mkono wake, na pole pole masikio yake yakageuka rangi.

Hapo ndipo ukweli ulipotoka. Alikuwa na malori sita kule kwao, na pamba ya watu wengi ilipita juu yake. Lakini kila lori lilikuwa na dereva na utingo, na yeye, alipopenda kufuata mzigo, alikaa kushoto na gazeti lake. Bosi alimuuliza kama ana uzoefu wa malori, akajibu ndiyo, miaka ishirini. Hakusema uongo. Ni kwamba hakuulizwa alikaa kiti kipi.

Leseni alikuwa nayo, na lori tupu aliweza kulipeleka mbele bila kuua mtu. Tela hakuwahi kulivuta maishani mwake. Nilitaka kwenda moja kwa moja ofisini kumwambia bosi, na nilikuwa nimekwisha kugeuka, yeye akanishika mkono wa koti.

Mkewe na mama yake walikuwa kambini. Walipewa vitanda katika mabweni ya zamani ya askari, mbali na London, wamechanganywa na familia nyingine nyingi, mashuka ndiyo yaliyokuwa kuta. Yeye alitangulia kutafuta kazi, akawa analala sakafuni kwa binamu yake hapo hapo Wembley. Alikuwa ameshapata vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, lakini mwenye nyumba alitaka barua kutoka kazini, barua ya kusema huyu mtu ameajiriwa kweli kweli, si wa kupita. Na bosi wetu hakumwandikia mtu barua hiyo mpaka awe na kadi ya kijani. Kwa hiyo ukiifuata njia yote, ilianzia kwenye kalamu yangu ikaishia kwa bibi kizee aliyekuwa analala nyuma ya shuka.

"Wewe nifundisha," akasema. "Lakini Kiswahili tu. Hawa wengine hapana sikia kama mimi hapana jua."

Nikakubali. Na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, niseme kwamba nilifurahi. Nilifurahi vibaya. Mwenye malori sita amekuja kukaa mbele ya kijana wa kuosha matairi, ananiomba. Usiku ule nilikula vizuri.

Tatizo la kwanza halikuwa tela, lilikuwa Kiswahili chenyewe. Kiingereza alikijua kuliko mimi, lakini Kiswahili alikijua nusu moja tu, ile ya kuamrisha. Lete. Pakia. Shusha. Ngoja. Funga. Kuja hapa. Kesho. Miaka ishirini alizungumza Kiswahili na watu aliowalipa, na mtu unayemlipa huna haja ya kumwambia naomba. Sasa ikawa anataka kuuliza kitu, maneno hana. Akitaka nimwonyeshe tena, alisema, "Onyesha!" kama vile mimi ndiye niliyechelewesha pamba yake. Na neno sijui alikuwa hawezi kulisema kabisa. Nikimuuliza, umeelewa? alijibu, "Iko sawa," na dakika moja baadaye tela lilikuwa limejikunja na mimi napiga kelele.

Basi nikawa nafundisha vitu viwili kwa mshahara mmoja. Nikamwambia, hapa huondoki mpaka useme: naomba unionyeshe tena, mwalimu. Alisema kama anayemeza dawa. Lakini alisema.

Yeye naye alikuwa na ukaidi wake. Mchana alifungua kopo la chakula alilopewa na mke wa binamu yake, akanikaribisha kipande cha muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Nikasema, alhamdulillahi, muhogo. Akasema hapana, hii ni mogo. Nikamwambia mogo ndiyo muhogo, mmetuibia mkaukata kichwa. Akasema mogo ni neno la kwao, la Kigujarati, bibi yake alilisema. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na kila mchana tuliuendeleza ubishi ule pale tulipouachia jana yake. Wenzetu yadini waliamini tunajadili mambo ya breki.

Kurudisha nyuma ndiko kulikotutoa jasho. Nilimpa siri ambayo nilijivumbulia mwenyewe na ambayo mpaka leo naiona ni mchango wangu kwa dunia. Nilimwambia usiushike usukani juu, ushike kwa chini, kiganja kimoja, kisha usahau habari ya kulia na kushoto. Mkono ukienda huku, mkia wa tela unakwenda huku huku. Akajaribu. Tela likaenda huku. Akajaribu upande wa pili, likamtii. Akasimamisha lori, akanitazama kwa uchungu wa kweli.

"Miaka ishirini mimi nalipa dereva," akasema, "hakuna mtu moja aliniambia hii."

Nikamfundisha mzigo. Kijiko ukikiweka nyuma sana ya ekseli, tela linaanza kutikisa mkia barabarani, na likianza, usikanyage breki kwa hasira. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani sawa, liache lichoke lenyewe. Ukikiweka mbele sana, linakaa juu ya mgongo wa lori na usukani unakuwa mwepesi, na usukani mwepesi ni jambo la kukutisha, si la kukufurahisha. Hayo aliyaelewa upesi. Alikuwa mtu wa mizigo, alijua gunia linakaaje.

Zaidi ya yote nilimfundisha mzunguko. Kabla ya kila safari unalizunguka tela zima, unagusa kila kitu kwa kidole. Pini na kishikizo chake. Mnyororo wa usalama, ule unaolishika tela kama pini ikichomoka. Waya wa breki. Taa. Matairi. Minyororo ya mzigo. Mguu wa jeki, umepandishwa mpaka mwisho. Nilimwambia gusa, usitazame tu, macho yanakubali uongo, kidole hakikubali. Na akisahau kimoja, nilimrudisha aanze mwanzo, hata kama mvua inanyesha. Mvua ilikuwa inanyesha sana mwaka ule.

Kisha likaja balaa la haya. Mimi na yeye tulikuwa na maneno yetu mawili ya kufungia tela. Analeta lori kinyumenyume, mimi nimesimama nyuma, haoni kitu, ananisikiliza tu kwa dirishani. Nikisema haya, anakuja. Nikisema basi, anasimama. Neno basi hata kwa Kigujarati ni lile lile, kwa hiyo tuliona tumepanga mambo kwa busara kubwa. Asubuhi moja bosi akaja kututazama. Lori lilikuwa limeshafika karibu, lakini mkono wa tela ulikuwa chini ya ndoano, nami nikainama kuupandisha kwa jeki. Bosi akasimama pale pale, kikombe mkononi, akaniambia kwa Kiingereza niupandishe zaidi. Na Mwingereza wa London akitaka kitu kipande juu zaidi, anasema "higher", na herufi ile ya mwisho haitamki.

"Higher," akasema bosi. "Higher, higher, higher."

Kule mbele mwanafunzi wangu akasikia haya, haya, haya, haya. Tena kwa sauti ya bosi mwenyewe. Akaja kwa moyo wote. Mimi niliruka kushoto, bosi akarukia rundo la mchanga, lori likauparamia mkono wa tela, mguu wa jeki ukapinda, tela likarudi nyuma kwa staha likaingia katika kibanda cha chai na kutoka upande wa pili. Nilipiga kelele basi, basi, basi, lakini kilichobaki cha kusimamisha kilikuwa birika tu.

Bosi alitoka mchangani akamuuliza amesikia nini. Akajibu, kwa Kiingereza kizuri, kwamba amesikia haya. Bosi akasema ndiyo, nilisema higher. Naam, akasema mwenzangu, na ndiyo maana nikaja. Walikwenda hivyo kwa muda, kila mmoja anamthibitishia mwenzake maneno yake, mpaka mimi nikalazimika kuingia kati na kueleza. Nilidhani atatufukuza wote wawili. Alikaa juu ya mchanga, akafuta uso, mabega yakaanza kumtikisika, na nilipotazama vizuri alikuwa anacheka. Tangu siku hiyo hakulitamka tena neno lile ndani ya yadi. Lakini hakuacha kuwa bosi. Alisema kibanda kitajengwa na sisi wawili, na mtu huyu ana mpaka mwisho wa wiki ijayo kuwa na kadi, au atafute kazi nyingine. Mwenye nyumba naye alikuwa ametoa muda huo huo, Ijumaa jioni, baada ya hapo vyumba vinakwenda kwa mwingine.

Tulijenga kibanda siku ya Jumamosi. Jumatatu nikampima. Alifunga tela, akazunguka, akagusa, akalitoa, akalirudisha, akaliingiza kati ya mapipa mawili ambayo nafasi yake ilikuwa ya ubakhili mtupu. Kosa lilikuwa moja: mguu wa jeki hakuupandisha mpaka mwisho. Barabarani ungekwaruza lami. Nikamwambia kesho. Hiyo ilikuwa haki na yeye aliikubali. Alikwenda kwenye simu ya barabarani akapiga kambini, akamwambia mkewe amebakiza kesho tu.

Jumanne hakukosea kitu. Nilitafuta. Nilizunguka nyuma yake nikigusa kila alichogusa. Alisimama mbele yangu, kadi mkononi, akasema yale maneno niliyomfundisha, tena sawasawa, naomba utie sahihi, mwalimu. Na mdomo wangu ukasema, njoo kesho.

Sijui kama mtu wa nchi nyingine anaweza kuelewa maneno yale mawili yana ladha gani. Dar es Salaam, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini, sina kitu, nilitaka kazi ya utingo kwa tajiri mmoja Mhindi mwenye malori. Alikuwa anapita mbele yangu pale kizingitini, hanitazami, anasema, njoo kesho. Nilikwenda wiki nzima. Siku ya saba nikaambiwa tajiri amesafiri. Sasa huyu wa Wembley si yule, wala sidhani kama waliwahi kuonana, huyu hata Dar hakufika. Mimi nilijua hivyo. Nilijua hivyo wakati ule ule ninasema, na nilisema tu, na yalikuwa matamu.

Jumatano nilisema mvua imezidi, sikuona vizuri, njoo kesho. Alhamisi nilisema sikuipenda alivyoshika breki. Hapakuwa na ubaya wowote katika breki. Yeye hakubisha. Alisema, "Iko sawa, mwalimu," akaikunja kadi, akaitia mfukoni, akaenda kwenye simu. Bosi akaniuliza vipi mtu wako, nikamjibu karibu, karibu. Nilijiambia ni habari ya usalama. Ukisema usalama, nani atakubishia? Hata mimi sikujibishia.

Ijumaa asubuhi bosi alikuja na kofia kichwani, akasema atampima leo, sahihi yangu iwepo isiwepo, kwa sababu leo ndiyo siku aliyosema. Nilikasirika. Niliona nimedharauliwa. Nikamwambia mwenzangu akae pembeni, nitafunga tela mwenyewe, nisije nikaambiwa mwanafunzi wangu amefunga vibaya. Nikafunga huku nasema peke yangu. Nikabamiza kila kinachobamizika. Kijiko kilikuwa juu, kimetulia, kimefungwa. Bosi akapanda, akakaa kushoto. Nikamwashiria mwenzangu, haya, gari tayari, panda.

Hakupanda. Alianza mzunguko.

Nikamwambia kwa ukali kwamba nimefunga mimi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Taa. Matairi, moja moja. Minyororo ya mzigo. Akaja mbele, akainama, kidole kikaenda kwenye pini, kikabaki pale. Kisha kikaenda kwenye mnyororo wa usalama. Ulikuwa unaning'inia. Haukushika kitu. Na pini haikuwa na kishikizo, kishikizo kilikuwa mfukoni mwangu, nilikitia mwenyewe wakati ninanung'unika.

Geti la yadi yetu lilitazama mteremko. Chini ya mteremko palikuwa na njia ambayo saa ile watoto walikuwa wakipita kwenda shule, makundi makundi, na makoti yao ya mvua. Nilimwonya juu ya mteremko ule siku ya kwanza.

Aliinuka, akanitazama. Kwa wiki zote zile nilikuwa nimemfundisha naomba, na tafadhali, na mwalimu. Hakutumia hata moja.

"Wewe," akasema. "Kuja hapa. Funga."

Nilifungua mdomo nimtukane.

"Funga," akasema tena, kwa sauti ya mwenye malori sita.

Nikaenda. Nikainama matopeni, nikatoa kishikizo mfukoni, nikakitia mahali pake, nikaushika mnyororo, nikaukosa mara mbili, mara ya tatu ukanasa. Yeye akasimama juu yangu mpaka nilipomaliza. Kisha akainama, akagusa vyote viwili. Bosi alishusha kioo akauliza anasema nini huyo. Mwenzangu akamjibu kwamba sasa kila kitu kiko sawa. Lakini bosi hakuwa mjinga. Alishuka, akatazama magoti yangu yaliyojaa tope, akauliza tela hili amefunga nani. Nikasema, mimi. Akapanda, wakaondoka, nikabaki nimesimama getini natazama mkia wa lile tela ukishuka mteremko, na haukutikisika hata kidogo.

Walirudi baada ya saa nzima. Bosi aliilaza kadi juu ya boneti na akatia sahihi yake kwanza, kinyume cha sheria yake mwenyewe, kisha akanipa kalamu. Nikatia yangu. Barua ikachapwa kabla ya chakula cha mchana, na mchana mwenzangu alinikaribisha mogo, na mimi siku hiyo nilikula bila kubisha.

Jumamosi bosi alimwazima lori dogo akawachukue watu wake. Aliniomba niende naye. Sikujua kwa nini ananitaka, lakini nilikwenda. Aliendesha yeye, taratibu, mikono miwili, safari nzima anaimba kitu puani, na mimi nimekaa kushoto sina la kufanya ila kutazama mashamba ya Kiingereza yakipita.

Kambi ilikuwa mabweni marefu yenye madirisha madogo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, akacheka alipotuona, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Ndani, nyuma ya shuka, mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amevaa koti, kitambaa kimefungwa kichwani, viatu vimefungwa kamba, na furushi liko juu ya mapaja. Nikasema, kwa heshima, kumbe mama amejiandaa mapema leo.

Mkewe akacheka. "Hapana leo," akaniambia. "Toka Jumanne. Jumatatu yeye alipiga simu, alisema kesho. Basi mama kila siku asubuhi anavaa koti, anavaa kiatu, anakaa hapa. Chakula nampelekea. Anasema akienda kule kula, mtoto atakuja, atakosa yeye."

Mwenzangu alicheka pia, akaenda kumfungia mama yake furushi lingine. Alikuwa na furaha, hakusikia kitu ila furaha. Au alisikia. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nahesabu.

Yule mama alinitazama kutoka juu mpaka chini. Alikuwa mdogo wa mwili, na macho makali.

"Wewe ndio mwalimu ya mtoto yangu?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Yeye anasema wewe kali sana."

"Kidogo, mama."

Akafikiri. Akaikubali habari ile kwa kichwa.

"Mzuri," akasema. "Mtu kali hapana fanya haraka. Kama wewe umesema ngoja, basi iko sababu."

Akanipa mkono nimwinue. Nilimshika mpaka nje, nikamteremsha ngazi moja moja, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa imara, fundo juu ya fundo. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku moja kati ya hizo ilikuwa ya haki. Tatu zilikuwa zangu mwenyewe, na yeye alizikaa ukingoni mwa kitanda na koti mwilini, akiamini iko sababu. Nilimpandisha kwenye lori, nikamfunika magoti, nikafunga mlango. Sikumwambia.